Simba Wenye Majina Yetu

"Hawa wanasema lugha gani?" Mama aliniuliza.

Ilikuwa Desemba 2025, tumekaa safu ya katikati, yeye amevaa miwani ya 3D juu ya miwani yake ya kila siku na mkono mmoja anaishikilia isianguke. Tulikuwa tunatazama Avatar: Fire and Ash. Mtu mmoja wa samawati alikuwa amemwinamia mwenzake akimwambia jambo kwa sauti ya chini.

"Kina'vi," nilimjibu sikioni. "Ni lugha ya kutungwa, Mama. Iliundwa kwa ajili ya picha hizi."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Hakuna aliyezaliwa nayo."

Akanyamaza. Akatafuna bisi mbili tatu. Nikadhani yameisha.

"Basi wale simba wa mwaka jana," akasema, macho yakiwa bado mbele, "walisema nini kwa Kiswahili?"

Sikuwa na jibu. Picha ina zaidi ya saa tatu na hapo tulikuwa hatujafika hata nusu, lakini ukiniuliza yaliyotokea baadaye nitakutajia mambo machache tu: moto, majivu, na yule Varang, kiongozi wa watu wa majivu, ambaye Oona Chaplin amemcheza vizuri hata nikawa namngoja kila alipoondoka. Mengine yalinipita. Nilikuwa nalitafuta jibu la Mama.

Ni wiki ya saba sasa na swali bado limenikaa kooni.

Aliyeimba peke yake

Simba wa mwaka jana ni wale wa Mufasa: The Lion King. Tuliiona Desemba 2024, mimi, Mama, na binti ya dada yangu ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba. Mama alizaliwa Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, na yuko huko hadi leo. Kiswahili kwake si lugha ya shuleni wala ya kuongea na wageni. Ndicho anachoombea dua, ndicho anachogombea, ndicho anachohesabia pesa. Kiingereza anakisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani: anajua wanazungumza, pengine anajua wanazungumza juu ya nini, basi.

Wimbo wa taifa ulipopigwa tukasimama, na Mama akauimba. Hakunong'ona. Aliimba kwa sauti ile ile ya maulidi, beti zote alizopewa nafasi, huku watu walio mbele yetu wamesimama kimya na soda mikononi. Mpwa wangu alimvuta kanga. Mama hakuacha.

Tukakaa. Taa zikazimwa.

Picha ilipofika pale simba mdogo anapotajwa kwa jina lake, Taka, ukumbi ukacheka. Si kicheko cha dharau. Ni kile cha mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipotarajia. Mpwa wangu akaniuliza, "Anti, kwa nini wamemwita Taka?" Nikamwambia tungoje, picha itatueleza. Nikangoja hadi mwisho. Kama ilieleza, mimi sikusikia.

Kabla ya hapo yalikuwa mafuriko. Mufasa akiwa mtoto anasombwa na maji, anatengana na wazazi wake. Hapo Mama alinishika mkono na kuukaza. Aprili ya mwaka huo huo mito ya Nairobi ilikuwa imefurika, na kule Mathare watu walichukuliwa na maji usiku. Rafiki yake wa siku nyingi alihamia kwetu na wajukuu watatu, wakalala sebuleni karibu mwezi mzima. Kwa hiyo maji yale Mama aliyajua. Hakuna aliyehitaji kumtafsiria maji.

Lakini simba walipoanza kuzungumza, akainama kwangu. "Amesema nini?" Nikamwambia. Dakika mbili, tena. Nikamwambia. Picha ilipofika katikati sikuwa natazama tena, nilikuwa nasimulia: huyu ndugu yake ana wivu, yule mweupe ni adui, wanakwenda nchi inayoitwa Milele.

"Milele ni nchi?" Mama akauliza.

Nyuma yetu mtu akasema, "Tafadhali, tunajaribu kusikiliza." Baadaye kidogo akaja mfanyakazi na tochi, akanimulika magotini, akaniomba ninyamaze. Alikuwa na adabu, na yule bwana wa nyuma alikuwa na haki, maana naye alilipa. Nikanyamaza.

Mama alitazama sehemu iliyobaki peke yake.

Tulipotoka nje, kwenye ngazi, aliniuliza swali moja tu. "Yule simba jike aliyemkumbatia mwishoni, ndiye mamake?"

Ndiye. Picha nzima inajengwa kuelekea kumbatio lile, mtoto aliyechukuliwa na maji kumwona tena mama yake, na mama yangu alikuwa amelitazama bila kuwa na hakika ni nani anamkumbatia nani.

Lugha zinazopewa sentensi

Sikulichukulia jambo hilo kwa uzito wakati ule. Nilijiambia ni uzee, ni Kiingereza, ni kawaida. Ni swali la Desemba 2025 lililonirudisha nyuma, nikaanza kupima.

Kina'vi kilitungwa na mwanaisimu Paul Frommer, wa Chuo Kikuu cha Southern California, kwa ajili ya Avatar ya kwanza ya mwaka 2009. Kina sarufi yake, kina sauti alizozichagua moja moja, na wako watu duniani wanaokaa chini kujifunza. Katika picha hizi za karibuni wahusika wanazungumza zaidi Kiingereza, lakini kila baada ya muda hupita sentensi kamili ya Kina'vi yenye mwanzo na mwisho, na waigizaji wamefundishwa kuitamka sawasawa.

Halafu kuna mzee John Kani wa Afrika Kusini. Alipomcheza mfalme T'Chaka katika Captain America: Civil War, mwaka 2016, ni yeye aliyependekeza kwamba mfalme azungumze na mwanawe kwa Kixhosa, lugha yake Kani mwenyewe. Wakakubali. Miaka miwili baadaye, katika Black Panther, Kixhosa kilikuwa ndiyo lugha ya Wakanda nzima, nchi ya kubuni ya mfalme huyo. Mzee mmoja aliomba, na lugha ikaingia kwenye skrini na vitenzi vyake vyote.

Mzee huyo huyo ndiye sauti ya Rafiki, yule nyani mzee, katika Mufasa.

Nilipolitambua hilo nilikaa kimya muda mrefu. Namheshimu kwa aliyoyafanya, na Kiswahili si lugha yake, hakuwa na deni kwetu. Ila lilinionyesha kwamba jambo lenyewe linawezekana, na kwamba halihitaji kikao kikubwa.

Ukiirudia ile The Lion King ya mwaka 1994 utaona mambo yalivyogawanywa. Wachoraji wake walifika Hell's Gate, huko Naivasha, kuangalia majabali na mbuga. Kile kilio cha ufunguzi, ambacho watoto wa mtaa wetu walikiimba bila kujua maana wakidhani labda ni Kiswahili cha ndani sana, ni Kizulu. Mwaka 1995 picha ikatafsiriwa yote kwa Kizulu. Kwa Kiswahili sijawahi kuisikia katika ukumbi wowote wa Nairobi. Kiswahili kilitoa majina: Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa, na yule fisi Shenzi, ambaye jina lake ningelitamka mbele ya Mama nikiwa mtoto ningechapwa.

Kiswahili kimekuwa iliki. Kinanukia, hakishibishi.

Watu wengi walikasirika mwaka 2018 kuhusu ile alama ya biashara ya Disney ya "Hakuna Matata" kwenye fulana. Mimi sikukasirika sana wakati ule na sijakasirika leo. Fulana ni fulana. Kinachoniuma ni Mama kwenye ngazi.

Nilipoanza kujitilia shaka

Ningekuwa nimeandika makala hii mapema, na ingekuwa makala ya hasira, kama si Sinners.

Niliiona peke yangu mwaka 2025, wiki chache baada ya kutoka mwezi wa Aprili. Ni picha ya Ryan Coogler: mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wakichezwa na Michael B. Jordan, wanarudi kwao Mississippi mwaka 1932 na kununua kiwanda cha mbao ili wakifanye ukumbi wa muziki. Kiingereza changu ni cha ofisini. Kile cha Mississippi kilinipita kama matatu iliyojaa. Saa ya kwanza nilikuwa nashika neno hapa na pale, mengine nayasoma usoni mwa watu, hasa kwa yule mzee Delta Slim wa Delroy Lindo, ambaye uso wake ni kitabu.

Ndipo kijana Sammie akaanza kuimba.

Walioiona wanajua. Anaimba, na kamera inaanza kutembea katikati ya wachezaji, na pole pole wanaanza kuonekana watu ambao hawakualikwa: mwenye gitaa la umeme wa miaka mingi ijayo, mwenye santuri, na wapiga ngoma wa Afrika, wa zamani kabisa, wakiwa wamesimama pale pale kwenye ukumbi wa mbao. Paa linawaka. Hakuna anayeeleza kitu. Ukumbi wetu wa Nairobi, ambao una kawaida ya kujibizana na skrini, ulikuwa kimya hata nikasikia mtu akiweka chupa chini.

Nililia. Na sikuwa nimeelewa nusu ya yaliyosemwa.

Baada ya hapo wanyonya damu wakaingia kwa nguvu, vita vikawa virefu, na mimi ningebadilisha pigano lote lile kwa dakika kumi zaidi za Delta Slim akisimulia. Hata hivyo ni picha bora niliyoiona mwaka huo. F1 ya Brad Pitt niliifurahia miezi miwili baadaye kama mtu anavyofurahia barabara mpya, nikaisahau nilipofika nyumbani. Sinners haijanitoka.

Ndiyo iliyonitia shaka. Ikiwa mimi niliguswa bila maneno, kwa nini namtetea Mama kwa ajili ya maneno? Labda Mufasa ilikuwa na upungufu mwingine. Labda haikuwa na ule wimbo, ule mkono wa kukushika kifuani, na mimi nimeisingizia lugha. Labda natafuta mtu wa kulaumu kwa sababu nilimulikwa tochi.

Nilikaa na shaka hiyo siku nyingi. Nikaona afadhali nimuulize mwenyewe.

Shan

Alikuwa anakaanga mahamri. Nilimkuta amekaa kwenye kibao, karai mbele yake, anayageuza mmoja mmoja kwa kijiti cha chuma.

"Mama, wewe ulipokuwa msichana mlikuwa mkienda sinema?"

"Tukienda sana. Shan."

Shan, pale Ngara, siku hizi ni Sarakasi Dome. Walikuwa wakitoka Majengo kwa miguu, wanapita Kariokor, wasichana wanne watano na buibui zao, wanarudi kabla ya magharibi. Alinitajia na sinema nyingine, na nikatambua kwamba majina yale yote nayajua, maana nayasikia kila siku kutoka kwa makondakta. Odeon. Globe. Bellevue. Sinema zilikufa, steji zikarithi majina.

"Mkitazama nini?"

"Za Kihindi."

"Ulikuwa unajua Kihindi?"

"Hata neno." Akageuza hamri. "Nyimbo nilizijua zote."

"Nani alikuwa akikutafsiria?"

Aliniangalia kama nimeuliza jambo la ajabu. "Watu," akasema. Alikuwapo daima mtu aliyefanya kazi kwenye duka la Mhindi au nyumbani kwa Mhindi, naye alisema kwa sauti yanayoendelea, na wa mbele wakawapokea, na anayebisha akabisha. Mwanamke akionewa ukumbi mzima ulimwonya. Mabaya yakimfika jambazi watu walisimama. Hakuna aliyemulikwa tochi.

Kwa hiyo nikamwuliza lile lililonileta. Nilimwuliza taratibu, nisionekane namkosoa. Ikiwa Kihindi hukukijua na ulifurahi, Mufasa ilikushinda nini?

Hakujibu upesi. Alitoa mahamri matatu, akayaweka kwenye chujio yachuruzike mafuta, akaongeza mengine.

"Wale Wahindi hawakuniambia picha ni yangu," akasema. "Nilikwenda kama mgeni, nikakaa kama mgeni, nikafurahi. Hii ya simba, kila nikisikia neno langu naamka. Nasema, aa, sasa wananisemesha. Halafu hawanisemeshi."

Akanyamaza.

"Mara ngapi utaitwa jina, uitike, na aliyekuita apite?"

Mahamri yalikuwa yameanza kuwa mekundu upande mmoja. Akayageuza.

Benchi la mbao

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza juu ya kibanda cha video cha utotoni mwetu. Shilingi 10, benchi la mbao lisilo na mgongo, pazia zito la kuzuia mwanga, na sauti ya DJ Afro juu ya picha za kila nchi. Wasomi wa wakati ule walisema anaharibu filamu. Nami nilipofika chuo kikuu nilisema hivyo hivyo, na naona haya leo. Hakuwa akitafsiri. Alikuwa akisimulia: anakwambia steringi ametoka wapi, anamwonya jambazi, anakuchekesha penye hofu, na anakuachia kimya pale panapostahili kimya. Wachina na Wamarekani waliingia kwenye Kiswahili chetu na wakakaa.

Nairobi Half Life ya mwaka 2012 inaanzia hapo hapo. Mwas yuko kijijini anauza filamu za ng'ambo, na anaziuza kwa kuziigiza, anacheza watu wote kwa mdomo na mikono yake. Mara ya kwanza nilipoiona nilimwona kijana mwenye ndoto. Siku hizi namwona msimulizi. Na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ambapo kijiji kizima kinamtengenezea filamu mtoto Jo ambaye ni mgonjwa, ili awe shujaa, bado ndiyo picha pekee niliyowahi kumwona Mama akiitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuniinamia hata mara moja. Tuliitazama nyumbani, kwenye runinga. Natamani angeiona kwenye ukumbi mkubwa, watu wakipumua pamoja naye.

Sidai kwamba kila simba afundishwe Kiswahili. Wala simtaki yule bwana wa nyuma apoteze haki yake ya kusikiliza. Ninachokitaka ni kidogo, na nakitaka kwa dhati: Jumamosi moja, mchana, ukumbi mmoja wa Nairobi ambao unajua kutangaza kwamba leo picha hii itasimuliwa. Mtu mmoja na kipaza sauti, anayejua kazi. Ningelipa tikiti kamili, na ningemnunulia Mama na wenzake watatu wa Majengo waliobaki kati ya wale wasichana wa Shan. Wazungumze watakavyo.

Najua yapo mambo ya haki za wenye filamu, na mambo ya leseni. Yanazungumzika. John Kani aliomba sentensi.

Jumapili iliyopita

Nilifika kwa Mama jioni. Umeme ulikuwa umepotea mtaa mzima. Aliketi mkekani barazani, mpwa wangu na wenzake wa jirani wamemzunguka, taa ya simu imewekwa ndani ya kopo ili itawanye mwanga.

Alikuwa anawasimulia Mufasa.

Nilibaki mlangoni nisiwakatize.

"Nyanya," mpwa wangu aliuliza, "lakini kwa nini alikuwa anaitwa Taka?" Zaidi ya mwaka mmoja, na naye bado.

"Mamake alikuwa amezaa watoto kabla yake," Mama akasema. "Wakafa. Wote. Basi alipompata huyu akaogopa kumpa jina zuri. Hamjui Mashaka wa pale kwa fundi? Hamjui bibi Tabu? Akamwita Taka, ili mauti yakipita mlangoni yaone taka tu, yaende zao."

Watoto wakanyamaza. Mmoja akasema, "Kumbe alikuwa anapendwa."

"Alipendwa sana. Ndiyo shida yenyewe."

Akaendelea. Mvua ikanyesha siku nyingi, Mto Mathare ukajaa, ukapanda kingo. Alionyesha kwa kiganja jinsi maji yalivyopanda ukutani. Simba mdogo akateleza. Maji yakamchukua. Mamake akakimbia kando ya mto, kwenye matope, anaanguka, anainuka.

"Akamwambiaje?" mpwa wangu akauliza. Alikuwa ameshika ncha ya mkeka kwa mikono miwili.

Mama alivuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mwanangu! Shika gogo hilo, usiliachilie! Nakuona! Nakuja!"